Ukurasa Niliouchana

Jumatatu, 3 Novemba

Thelathini na nane. Kwa mia! Nimeikunja karatasi mara nne na kuisukumia chini kabisa ya mkoba, labda namba itakosa hewa ife. Umri miaka hamsini na miwili, vitabu vimejaa nyumba hadi chooni, safu ya gazeti kila Alhamisi kwa miaka ishirini na miwili—na mtihani wa kwanza wa kemia ya mwaka wa kwanza umeniangusha chali. Hawa watoto wote walisoma kemia sekondari. Mimi niliikwepa, nikachagua historia. Nilijiona mjanja.

Tatizo kubwa ni mdomo wangu. Mwezi wa tano niliandika kiasi cha sumu ambacho kiwanda cha karatasi kinamwaga mtoni. Nikakosea vipimo. Nikazidisha mara elfu! Clement Rudd, msemaji wa kiwanda, alisimama kwenye kikao cha halmashauri akaisoma sentensi yangu taratibu, mara mbili. Ukumbi mzima ulicheka. Kwa hasira nikatangaza gazetini: nitasoma kemia chuo kikuu, na alama ya Desemba nitaichapisha ukurasa wa mbele, iwe iwavyo.

Mwisho wa kujitoa kwenye somo ni Ijumaa saa kumi jioni. Ukijitoa kabla ya hapo, alama haiandikwi popote. Hakuna alama, hakuna cha kuchapisha.

Nimeisoma sheria hiyo mara sita.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda ofisini kwa Dakta Ouellette, mwalimu wetu. Ana umri wa mpwa wangu. Nilijiandaa kugombana—hoja tatu, zimepangwa. Hakunipa nafasi. Akaweka kidole kwenye swali la pili: hidrojeni na oksijeni zinatoa maji, sawazisha. Upande wa kulia oksijeni ilipungua moja. Basi nikaiongezea, kijinamba kidogo tu pale chini.

"Hayo si maji tena," akasema. "Hiyo ni dawa ya kugeuza nywele kuwa za njano."

Nimefanya hivyo maswali tisa! Kila nilipokuta fomula haikai sawa, niliisahihisha, kama ninavyosahihisha makala ya mtu. Anasema maji yenyewe huyagusi. Unachoruhusiwa ni kuhesabu unahitaji mangapi.

Nimetoka nimenywea.

Jumatano, 5 Novemba

Sijui niandikeje hili.

Maabara. Mwenzangu mezani ni Tessa Moonias, ana miaka kumi na minane, anataka uuguzi. Kazi ya leo: kudondoshea dawa kwenye asidi tone kwa tone mpaka rangi ya waridi itokee, hafifu, karibu isionekane. Mimi nashika bomba, yeye anatazama rangi. Nikafungulia. Ikawa nyekundu kama bitiruti.

"Mama, hilo si bomba la bustani!"

Mara ya pili, bitiruti. Mara ya tatu, bitiruti. "Sawa," Tessa akasema, "tukishindwa masomo tutafungua mgahawa wa supu." Nilicheka.

Daftari la maabara ni la wino. Ukikosea unapitisha mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unaendelea. Kurasa zina namba. Nilijua yote hayo. Tessa alipokwenda kuosha vyombo nikauchana ukurasa na kuutia mfukoni. Miaka ishirini na miwili hakuna msomaji aliyewahi kuona rasimu yangu mbovu! Mkono ulikwenda wenyewe.

Msimamizi wa maabara akafunua daftari: ukurasa wa thelathini, kisha thelathini na tatu. Akasema huo ni udanganyifu. Sifuri. Kwa meza nzima.

Ningefurahi Tessa angenifokea. Alivua miwani yake ya maabara, akaifuta. "Uuguzi wanataka sabini na tano, mama. Nilikuwa na sabini na sita."

Alhamisi, 6 Novemba

Theluji. Sikula.

Rudd kanikuta kituo cha mafuta, kapaza sauti kutoka pampu ya pili: "Mwanakemia! Desemba hiyooo!" Nikaondoka tangi halijajaa. Mimi!

Mume wangu Reino anasema nijitoe. "Andika umeugua, bibie. Nani atakupima?" Nimeiandika hiyo sentensi nione inavyosomeka. Inasomeka vizuri mno.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa sita mchana nilikuwa kwa Ouellette. Nikamwambia: sifuri nipe mimi, yule binti hakuchana kitu. Nimezungumza dakika ishirini bila kupumua. Akasikiliza yote.

"Naweza kuwaruhusu mrudie Jumanne," akasema. "Wote wawili. Hakuna anayefanya kazi peke yake maabara, na wanafunzi wengine wote tayari wana wenzao."

"Na nikijitoa?"

"Aliyejitoa haingii maabara."

"Sifuri yake inabaki?"

"Inabaki."

Halafu akanisainia fomu ya kujitoa, kwa kuwa niliiomba.

Naandika nimesimama, foleni ya usajili. Saa kumi kasoro robo. Tessa hajui lolote. Nikibaki, kwa hesabu zangu, Desemba nitapata arobaini na kitu. Ukurasa wa mbele! Rudd ataibandika kwenye lango la kiwanda, na nani atanisikiliza tena nikisema mto umeoza? Na umeoza. Hilo sikukosea.

Karani anaita: "Anayefuata!" Ni zamu yangu. Nimemwambia dada aliye nyuma yangu apite.

Kasoro dakika tisa. "Anayefuata!" Nimempisha na mzee mwenye fimbo. Kanishukuru sana.

Kasoro nne. Nyuma yangu hakuna mtu tena. Karani ananitazama mimi.