Mfumo wa Pili na Maneno ya Mrefu

Jumatatu, 3 Machi
Nimebebeshwa zigo. Mkuu wa kitengo anataka mfumo mpya wa kutunza mabadiliko ya programu zetu – nani kabadilisha nini, lini, kwa nini. Ipo miwili ya kujaribu. Siku tano, alama nitoe mimi. Wa kwanza mwepesi, ila unaanza upya. Maelezo ya zamani hauyabebi. Wa pili unabeba yote, lakini unavyojikokota! Unafungua ukurasa, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado.

Kazi rahisi. Kama si Mrefu.

Jumanne, 4 Machi
Mrefu alikaa meza iliyokabili yangu miaka minne. Mwaka jana akapata kazi mbali. Maneno yake yamebaki kwenye mfumo wa zamani, kila badiliko na sentensi yake. “Nimerekebisha tarehe. Aliyeziandika alikuwa na njaa.” Aliyeziandika ni mimi! Nikamjibu kwenye badiliko langu: “Nimezirudisha. Aliyerekebisha hana kalenda.”

Leo nimesoma sentensi zake mia mbili na ushee, nikijidai napima kasi. Nimemkumbuka mno.

Dada yangu amenikuta nimezubaa sebuleni. Eti namba yake si ninayo? Ninayo. Mwaka mzima ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Nimeupa mfumo wa pili alama tisa kati ya kumi. Nimefuta. Wenzangu ndio watakaosota nao kila siku. Nimeandika nne.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio la mwisho la mfumo wa pili. Umetaka barua pepe ya kila aliyewahi kuandika humo. Nikajaza mmoja mmoja, mkono unakwenda wenyewe – na ya Mrefu nikajaza! Nikabonyeza. “Mialiko kumi na mmoja imetumwa.” Haukuuliza hata mara mbili, mfumo gani huu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Fundi wa seva amecheka mpaka akashika meza. Mwaliko ukishatoka umetoka, anasema. Labda niombe mtandao ukatike huko uendako.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao saa nne. Saa tatu na nusu jina la Mrefu limewaka kijani kwenye mfumo wa pili. Yumo!

Kafungua badiliko langu la wiki ile aliyoondoka. Nilidhani hakuna atakayelisoma: “Nimefuta faili zisizotumika. Meza ya mbele yangu ni tupu. Sipendi.” Chini yake kaandika: “Ndio kwanza nalisoma. Mbona hukuniambia?”

Saa nne mkuu amechungulia: wote wamekaa, ninasubiriwa mimi. Jaribio linafungwa kikao kikiisha, na kila kilichomo kinafutwa. Karatasi ya alama ninayo. Nne ni nne, sibadilishi.

Nimemwomba mkuu dakika mbili. Naandika hapa nipate ujasiri. Kule, chini ya swali lake, nimeandika sentensi tano, nimefuta nne. Imebaki “Niliogopa ungecheka.” Mkuu anaita tena, safari hii kwa jina langu kamili. Sijabonyeza. Taa ya kijani bado inawaka, naye Mrefu bado yumo. Nabonyeza.