Ndoo ya taka mbele ya madiwani

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo unarusha vumbi la mtaa wetu wa Kambarage mpaka ndani ya masufuria.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Leo sikwenda mazoezi ya kwaya kama nilivyoaga. Nilikwenda kwenye baraza la madiwani, nikakaa nyuma kabisa wanapokaa wananchi, mtandio nimeuvuta mpaka usoni.

Mimi, ambaye shuleni nikiulizwa swali nilijibu kwa kutikisa kichwa.

Nilikwenda kwa sababu redio ilisema watajadili mwongozo wa taka kutoka wizarani. Kila nyumba iwe na mapipa mawili, la taka zinazooza na la zisizooza, na hizo zisizooza zote ziwe mali ya mzabuni aliyepewa kazi ya kuzoa taka. Mwingine akiziokota, faini. Mama yangu anaokota chupa za plastiki. Ndizo zilizonifikisha kidato cha nne. Yeye hasikilizi redio, na mimi nilikosa mdomo wa kumwambia.

Madiwani walilalamika sana. Gari la taka ni moja. Watu watatenganisha nyumbani, halafu zote zikachanganyike humo garini. Mgeni wa wizara aliwajibu kwa upole kwamba plastiki zinaziba mitaro, na mvua zikija maji yanaingia majumbani. Nikaona naye anasema kweli.

Kisha akasimama diwani wetu, Mama Masanja, mama mfupi mwenye lafudhi nzito ya Kisukuma. Akatandika gazeti sakafuni, akamimina ndoo aliyokuja nayo.

"Mheshimiwa, umetuletea mchanga wa kujengea?" diwani mmoja akamtania. Ukumbi mzima ukacheka.

"Chekeni tu. Hii ndiyo taka ya nyumbani kwangu ya leo."

Majivu na mchanga. Basi. Kwetu kila uwanja unafagiwa alfajiri, na huo mchanga ndio unaojaza ndoo. Nimefagia hivyo maisha yangu yote, sikuwahi kuwaza kwamba gari linachoma mafuta kubeba ardhi yetu kuipeleka dampo!

"Maganda yako wapi, mama?" mgeni akauliza.

"Wamekula mbuzi wa jirani."

"Na chupa?"

"Kachukua Mama Kabula. Huwa anapita kabla gari halijaja, mpaka mitaroni anaingia. Mkimtoza faini huyo, baba, nani ataingia?"

Kabula ni mimi.

Sijui nielezeje. Jina la mama yangu lilitamkwa kwenye kipaza sauti, mbele ya makoti yote yale, na hakuna aliyecheka. Mgeni aliweka kalamu chini, akalitazama lile rundo la mchanga. Nilitamani kusimama niseme huyo ni mama yangu, nikaishia kuuvuta mtandio zaidi.

Hatujashinda. Suala la faini limeahirishwa, maoni yapelekwe wizarani, na kikao kijacho litarudi. Linaweza kupita.

Jioni hii mama yuko mlangoni anakanyaga chupa zibonyee zienee kwenye kiroba, huku anaimba. Nimekuwa nikimtazama kama mgeni mkubwa aliyetutembelea. Ameniuliza mbona nimenyamaza. Nimesema jua limenichosha.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ukimkuta njiani na kiroba chake, mwamkie shikamoo. La faini usimwambie, tafadhali. Acha kesho aamke akiwa mwepesi.