Salamu ya Porte de Namur

Bruxelles, tarehe 12 ya mwezi wa pili, 2012

Yaya Cécile mupendwa,

Jambo sana, yaya yangu. Umeamkaje? Goti yako ya kuume inaendelea namna gani tangu ulianza ile dawa ya kupakaa? Mutoto wako Mathieu amepata viatu vya masomo, ao bado anavaa vile vya kaka yake? Na paa ya jikoni, mulishaifunika mbele ya mvua? Usinijibu haraka haraka. Nijibu moja moja, uanze na goti, maana niko nauliza kweli. Mimi mwili iko na nguvu, kazi iko, kwa maombi yenu. Habari ya roho, soma mupaka mwisho, utaielewa.

Barua hii unaletewa na Maman Michelle wa kanisa yetu, anakuja Bukavu kuzika baba yake mukubwa. Najua utashangaa, utasema Bahati anaandika karatasi juu ya nini, na simu iko? Yaya, kwa simu sitaweza. Umeniuliza mara tatu habari ya mudogo wetu Noé, na mara tatu nikakujibu. Leo nakujibu mara ya ine. Lakini uniachie nianzie mbali kidogo, juu kuna kitu cha hapa kinanichanganya kichwa, na nisipokieleza hautaelewa nilichofanya.

Watu wa hapa, yaya, na maneno yao! Français ya Bruxelles haiko ile tulifundishwa kwa masomo. Kwenye nyumba ya wazee, pale natumika, namuogesha bibi mumoja, Madame Godelieve, ana miaka nonante et un, makumi kenda na moja. Mvua ikimwagika kwa nguvu, anasema drache. Baridi ikikata masikio, anasema il fait caillant. Ukimuuliza kama anataka kahawa, anakujibu non, peut-être, ni kusema hapana, labda, tena na uso ya hasira, na kumbe anaitaka sana. Siku za kwanza nilikuwa narudisha kikombe jikoni, naye anabaki analia sawa mutoto. Muntu mwingine anakuaga à tantôt, eti tuonane baadaye kidogo, unamungojea, unamungojea, haji. Sijui ni leo, sijui ni juma ijayo, sijui ni kwa Mungu. Mupaka sasa sijui.

Lakini iliyonishinda kabisa ni ça va, ile ya kuulizana habari. Kwetu pia tunasema ça va, bon, lakini ni mwanzo tu. Nyuma yake inakuja habari ya nyumbani, ya kazi, ya wagonjwa, na hakuna anayeondoka mbele hajamaliza. Juma yangu ya kwanza kazini, Tatiana, mwenzangu wa kazi, alinipita kwenye couloir, ile njia ndefu ya ndani, akaniuliza ça va. Nikaweka beseni chini. Nikamueleza mugongo wangu, nikamueleza ndoto niliota ya marehemu mama, nikamueleza soksi ninazovaa mbili mbili. Yeye alikuwa anaangalia saa, na muguu moja ilishaanza kwenda. Nikajiuliza nimemukosea nini.

Siku ya pumziko nikamusimulia Noé. Unamujua Noé, alicheka mupaka akashika ukuta. Kumbuka yeye alinitangulia hapa miaka tatu, kwa masomo, na njo yeye alikuja kunipokea kwa treni, pale Gare du Midi. Aliponiona na kile kitambaa changu chepesi cha safari, alivua koti yake ya bleu akanivalisha, akatembea na shati. Bon. Akaniambia hapa ça va haiko ulizo. Muntu akisema ça va, unasema ça va, et toi, na wewe je, na miguu isisimame. Eti ukisimama, unawaogopesha. Akanipeleka kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles tufanye mazoezi: yeye atoke huku, mimi nitoke kule, tupishane sawa watu wasiojuana sana, ça va, ça va, kila muntu na njia yake. Nilishindwa mara nyingi. Miguu yangu ilikuwa inasimama yenyewe, na Noé anapiga kelele kwamba nimeharibu, turudie. Watu walikuwa wanatuangalia. Tulicheka ile siku, yaya, ningetaka ungetuona.

Na nilifundishika. Ilifika wakati naweza kusalimia couloir muzima na kufika kwa ascenseur ya kupanda gorofani bila kusikia jibu ya muntu hata moja. Madame Godelieve akaniambia sasa nimekuwa Bruxelloise wa kweli. Nilifurahi kabisa, sikufichi.

Sasa kaa chini, yaya. Mwezi wa kumi na moja, siku ya posho, Jumamosi, saa ya muchana, nilitoka kwa metro pale Porte de Namur, nikamukuta Noé. Hatukuwa tumeonana miezi miwili, alikuwa ananiambia kwa simu kwamba masomo inamubana. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa na ndevu, na muzigo mukubwa mugongoni, na mufuko mwingine mukononi, na tricot nyepesi. Koti ya bleu haikuwepo. Bus yangu ilikuwa inafika. Nikamuuliza ça va? Akasema ça va, et toi? Nikasema ça va. Akaniambia à tantôt, na mimi nikapanda.

Nilipokaa nikaangalia kwenye dirisha. Hakuwa ameenda. Alikuwa palepale, anaangalia bus. Miguu yake ilisimama, yaya, yeye aliyenifundisha kwamba miguu isisimame. Niliona. Nilijua kuna kitu. Na sikushuka. Nilifungua biskuti yangu nikakula.

Kesho yake ulinipigia simu, na nikakuambia Noé yuko muzuri, nimemuona na macho yangu. Krismasi nikarudia ile ile. Mwaka mupya tena. Nilikudanganya mara tatu, wewe uliyetulea.

Mwezi wa kwanza simu yake ikazimika. Nikaenda kwa chumba alichokaa na Sylvestre, muvulana wa Lubumbashi. Sylvestre alishangaa kuniona. Akanieleza kwamba Noé alihama tangu mwezi wa kenda: alianguka mitihani mara ya pili, makaratasi yake ya kukaa hapa haikurudishwa upya, akaona haya, akamukataza Sylvestre asiniambie mimi, na zaidi wewe. Donc ile siku ya mvua alikuwa amebeba nyumba yake yote mugongoni, na mimi nilikuwa naogopa kukosa bus.

Nilimutafuta kwa muda wa juma nzima tatu. Na hii baridi ya sasa, hata Madame Godelieve amekosa neno la kuiita. Siku ya ine ya juma hii, Alhamisi, nilimaliza kazi saa nane, nikamukuta Gare du Midi, amekalia muzigo wake karibu na ubao wa saa za treni. Aliponiona akawahi kusema ça va? Miguu yangu ikasimama. Niliketi chini kwenye sakafu, na blouse yangu ya kazi, nikaanza salamu ya kwetu. Nikamuuliza ameamkaje. Nikamuuliza alilala wapi, kifua inasema nini, jana alikula nini, koti ilienda wapi. Kila ulizo alinijibu ça va, bila kuniangalia. Nikaendelea. Nikamuuliza miguu. Hapo akainama. Akafungua kiatu polepole akanionyesha, na vidole viwili vilikuwa vyeusi. Akalia, nami nikalia, na watu wanatupita na masanduku yao.

Docteur anasema muguu itapona, lakini kidole kidogo hajui. Sasa Noé yuko kwangu, analala kwenye kitanda changu, miguu imefungwa. Juma ijayo tutaonana na avocat, wakili, kwa ile mambo ya makaratasi. Sijui itaisha namna gani, na sitakuambia kwamba najua.

Kinachonisumbua ni hiki: nilidanganywa na luga ya hapa, ao nilipata neno ya kujifichia? Naigeuza hii ulizo huku na kule nikiogesha wazee. Nikiondoa lawama kwa ça va, nabaki mimi peke yangu. Nasikia haya, yaya. Unisamehe, ao unigombeze, ao yote mbili, lakini usinyamaze.

Salimia watoto, salimia Papa Polycarpe na wa jirani wote. Noé alinikataza kabisa nikuandikie. Lakini leo asubui aliniuliza kama kwenye karatasi kumebaki nafasi. Nikamuuliza nikuwekee salamu gani kutoka kwake. Alifikiri sana. Akasema nikuambie hayuko muzuri. Nimeandika sawa alivyosema, na ni miezi mingi sijafurahia jibu namna hii.

Ukipiga simu, utuulize, halafu ungoje.

Mudogo wako anayekupenda,
Bahati