Dawa Mbili kwa Pamoja

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Je, zamu za wodini zinakuacha ulale? Mimi mzima, ila jino. Daktari wa meno kalitumbua jipu, kanipa vidonge vya kuua vijidudu. Aliniuliza kama natumia dawa nyingine, nikasema hapana. Ile ya moyo, ya kuzuia damu isigande, naimeza kila siku kama chai, hata nilisahau kuwa ni dawa.

Usihangaike, nimekwisha kuangalia kwenye ile programu ya bure uliyoniwekea kwenye simu. Nikaandika ya moyo: haina neno. Nikaandika ya jino: haina neno. Hiyo ya kulipia unayoisifia itakuja kunishikia glasi ya maji?

Nyumba imetulia mno. Juzi nimekuta kibanio cha nywele cha marehemu mama yako nyuma ya kochi. Nimekiacha palepale.

Fizi zinatoka damu kidogo nikipiga mswaki. Uzee tu.

Baba yako

Jumanne, 5 Machi, asubuhi

Shikamoo baba,

Nimekusoma nikiwa kazini. Ya bure inakueleza kila dawa peke yake. Ya kulipia unaziweka zote mbili pamoja, inakuonyesha zinavyogombana. Nimeziweka zako, ikawaka nyekundu: unaweza kuvuja damu isikatike. Hizo fizi si uzee, baba! Beba vidonge vyote, nenda hospitali sasa hivi, usimeze kingine kabla hawajakupima. Nakupigia, simu inaita tu.

Mwanao

Jumanne, mchana

Baba, nijibu hata neno moja. Jirani yako fundi viatu kagonga, anasema mlango umefungwa. Nimeomba ruhusa. Naja.

Mwanao

Jumatano, 6 Machi

Binti yangu,

Kwa ninavyokujua, uko njiani, na roho yako iko juu. Nisamehe. Nilipokusoma nilitoka mbio, simu ikabaki mezani. Hii nimeazima kwa muuguzi. Namba yako naijua kwa kichwa.

Nikiwa kwenye foleni ya hospitali, pua nayo ikaanza kutoka damu, watu wakanipisha. Wamenipima, wamenichoma sindano, damu imekatika. Wamenilaza kwanza waniangalie.

Daktari wa hapa ni kijana mpole. Aliniuliza, “Mzee, nyumbani nani anakuangalizia dawa zako?”

Nikamjibu, “Mke wangu.”

Akasema basi aitwe, aelezwe.

Nikampa namba yako.

Baba yako