Chumba cha Bi Zuhura kimefutika

Jumatano. Mvua toka alfajiri, nguo za mtoto hazikauki, na mie sijisikii kula.

Skuli niliishia kidato cha pili. Kuchora majengo kwenye kompyuta nimejifunzia hapahapa ofisini, kwa kutazama. Faili moja, nyumba moja, lakini ndani yake unaweza kuipa sura kadhaa: kuta za nje zilezile, vyumba na ngazi vinabadilika. Ile nyumba ya urithi ya Shangani ilikuwa na sura tatu.

Ya tatu niliichora na Bi Zuhura, dada wa marehemu mwenye nyumba. Alikaa ubavuni mwangu siku mbili, mwanangu kamlaza mapajani, akinielekeza. Chumba chake kiwe chini, mlango utazame uani, asipande ngazi kwa magoti yale.

Jumatatu kapiga simu mtoto mkubwa wa kiume wa marehemu. "Tumekubaliana. Ya kwanza."

Sikuuliza wamekubaliana nani na nani. Kwetu akishasema kaka mkubwa, familia nzima imesema. Nikaichagua ya kwanza iwe ndiyo nyumba, programu ikaniuliza kama nina hakika, maana nyingine zitafutwa. Nikabonyeza ndiyo. Tokea hapo nachora, nahifadhi, nachora, nahifadhi, mpaka nakala za zamani zote zikafutwa na mpya.

Leo kaingia Bi Zuhura, buibui linachuruzika. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitolee karatasi ya chumba changu. Kesho ndo tunakaa familia, na mie nna la kuwaonyesha."

Kesho ndo wanakaa. Kumbe bado hawajakubaliana.

Nikamwambia kompyuta leo nzito, haifunguki. Kacheka. "Iache ipumzike. Hata mie magoti yananifanyia hivyohivyo." Kambusu mtoto, kaondoka.

Nimemdanganya mtu mzima, na yeye kaniombea dua mlangoni.

Bosi nimemweleza. Kasema kuirudisha sura ile ni kazi ya wiki nzima, na aliyetupa kazi ni kaka mkubwa, niachane nayo. Nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta nikiitazama nyumba: pale palipokuwa na kitanda chake, sasa stoo.

Mikono yangu mizito kuchora bila kompyuta. Lakini chumba kimoja kwa penseli nadhani nakiweza, akinielekeza tena. Asubuhi, kabla hawajakaa, nambeba mtoto mgongoni mpaka kwake, namwambia kweli kwanza, kisha ndo nitoe karatasi.

Akishasikia, atanikaribisha ndani?