Glori Amesoma Ng'ofe

Mama,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti kwanza, hapa kwenye cherehani, ndipo nikaiandika. Ulinizoesha mwenyewe.

Nyumbani kihambani, shambani kwetu, hawajambo. Baba amemaliza kuvuna kahawa, na migomba iliyo karibu na kaburi lako anaipalilia peke yake, hataki kusaidiwa. Lakini leo nakuandikia habari za Glori. Ulimwacha katikati ya kujifunza kusoma, nami niliogopa sana.

Unakumbuka ulipokuja kukaa nasi Njoro kwa ajili ya kliniki? Nilijisifu kwako kwamba mjukuu wako anasoma kitabu kizima. Akakusomea mpaka mwisho bila kukosea. Ukampigia makofi. Kisha ukafunika picha kwa kiganja, ukaweka kidole kwenye neno moja la katikati, na mtoto hakuweza kulisoma. Alikuwa amekariri kila ukurasa, Mama, na mimi mzazi wake sikujua. Ukamwandikia "mofe". Akaitazama ile m, akasema, "Maziwa?"

Hukunilaumu. Ulisema tu, "Kumbukumbu anayo. Sasa tumpe sauti." Ukaniomba vipande vya kitenge, nikavikata herufi. Kila jioni mlianza na sauti za jana, mkaongeza moja, mkaziunganisha: m, o, mo. Nilipotaka kumsaidia ulinizuia. "Usimpe neno. Mpe muda." Na mwisho wa somo likaja neno lako la kubuni, kwa sababu neno ambalo halipo hawezi kulikisia. Baba Glori alisikia mofe, mofe, akaja kuniuliza jikoni kama Mofe ni mpangaji mpya. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Nashukuru nyumba yangu ilikipata kile kicheko.

Mlifika kwenye ng. Ng' ukasema itasubiri upate nafuu.

Baada ya mazishi nilikaa na vile vitambaa mapajani, sijui nianzie wapi. Mimi ni fundi wa nguo, si mwalimu. Wifi akaniambia nimwache akariri kama wenzake, akili itafunguka mbele ya safari. Na Glori alikuwa ameanza tena kukisia. Akikutana na neno gumu, ananitazama mimi usoni badala ya kutazama kitabu. Nikaona kazi yako inafumuka mikononi mwangu.

Basi nikafanya ulivyokuwa ukifanya. Sauti za jana kwanza, kisha moja mpya. Ilipofika zamu ya ng', nilishona kipande cha uzi mweusi pembeni mwa g, nikamwambia hicho kinaning'inia, na sauti yake inapita puani. Akabana pua, sauti ikakatika. Akaachia, ikarudi. Alizunguka nyumba nzima akibana na kuachia pua, Mama. Ungempenda siku ile.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sokoni Bomang'ombe. Kwenye kibao cha duka moja akanyoosha kidole, "Bo-ma-ng'o-mbe." Nilikaribia kupiga makofi. Halafu ni kama nilikusikia: jina hilo analijua, huenda amekisia. Nikachuchumaa palepale mbele ya mama anayeuza maharage, nikaandika vumbini kwa kidole, "ng'ofe".

Glori alitazama chini. Hakunitazama mimi. Midomo ikacheza kidogo.

"Ng'o... fe. Ng'ofe." Kisha akainua kichwa. "Mama, hili ni neno la Bibi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Yule mama wa maharage akauliza, "Hiyo ng'ofe inauzwaje, jamani? Mbona sijaiona hapa?" Glori akacheka, akashika ubavu kama wewe.

Asante, Mama. Asante kwa kufunika ile picha. Mtu mwingine angempigia makofi tu, nasi tungeendelea kufurahi.

Mdogo wake naye ameanza kuimba a, e, i, o, u. Nakuahidi nitakwenda naye sauti kwa sauti, picha nitafunika, na neno sitampa kabla hajalifikia mwenyewe. Krismasi tutapanda kuja kihambani. Glori amekubunia neno, atakuandikia pale kwenye udongo wa migomba na kukusomea. Nimemwomba anitajie, amekataa. Anasema nikitajiwa nitalikariri.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Anjela