Padi Iliyopimwa kwa Mikono Yetu

Kaka yangu mpendwa,

"Mashine ilikuwa nzuri, wanunuzi ndio hawakuwa na macho." Hayo ni maneno yako, ukurasa wa pili wa barua yako, mstari wa juu kabisa, na nimeyasoma nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Nitayajibu. Lakini tumelelewa, kwa hiyo salamu zitangulie. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, au bado unapanda ngazi za karakana kwa ubishi? Mama hajambo? Mwambie dawa ya macho niliyomtumia si pambo la kabati. Wifi yangu namsalimu pamoja na mkasi wake, maana sijawahi kuwaona wametengana. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua na hasira, na mafua yanapungua.

Sasa tupigane.

Unasema mashine yetu ya kwanza ya gemu ilidoda kwa sababu watu hawakutambua ubora. Unasema hii ya pili itaingia sokoni kwa bei ya mshahara wa mwezi na nusu wa mwalimu, kwa kuwa padi mpya, kile kishikio cha kuchezea, imekaa vizuri mkononi kiasi kwamba hakuna atakayeuliza bei. Unasema Jumamosi wewe na wifi mnatia saini, na Jumatatu matangazo yanakwenda kwa mpiga chapa. Kaka, karakana ile ina watu kumi na mmoja. Wifi ameuza cherehani mbili kati ya tatu ili mfike hapo mlipo. Mkikosea bei mara hii hakuna mashine ya tatu. Kuna kufuli mlangoni na wewe nyumbani ukibishana na redio. Ndiyo maana siwezi kukujibu kwa upole.

Umesahau siku ya uzinduzi wa ile ya kwanza? Mimi sijasahau. Nilikuwa dukani tangu asubuhi, nimejibanza karibu na rafu ya betri, na watu walikuja. Tena wengi. Macho walikuwa nayo, na waliyatumia. Walitazama picha kwenye runinga, wakapiga miluzi, wakaitana. Kisha mwalimu mmoja, shati limejaa chaki, akauliza bei. Muuzaji akamtajia: mishahara yake miwili mizima. Mwalimu hakukasirika. Aliuliza tu kwa adabu kama mashine hiyo inapika na kufua pia, au mtu anatakiwa kuoa mke mwingine kwa kazi hizo. Duka zima likacheka, na kicheko kile, kaka, ndicho kilichotuua. Kitu kikishachekwa kwa bei siku ya kwanza, bei hiyo hukaa vichwani mwa watu hata ukiipunguza.

Na ulipunguza! Miezi sita baadaye ukakata theluthi nzima. Ikawaje? Wale wachache walioinunua kwa bei ya kwanza wakajiona mabwege. Mmoja aliniandikia kwenye gazeti ninalofanyia kazi akiuliza kama mimi ni ndugu yako, na kama tuna aibu katika ukoo. Wale ambao hawakuwa wamenunua wakasema tusubiri, itashuka tena. Na kwa kuwa mashine zilizouzwa zilikuwa chache, wale watengeneza gemu waliotuahidi gemu tano wakatuletea moja, wakaenda kutengenezea ile mashine ya wenzetu. Ile uliyoiita toi. Ilikuwa na nguvu nusu ya yetu, picha zake kama zimechorwa na mtu mwenye haraka, lakini iliuzwa kwa chini ya mshahara mmoja, na watoto waliishika bila kufundishwa. Sasa imejaa kila sebule. Ya kwetu nimeiona mara moja tu tangu hapo, kwa kinyozi, imewekewa taulo juu.

Miaka ishirini nimekuwa nikiandika juu ya mashine hizi, nimesoma kila kilichonipita machoni, na kila mara nakuta jambo lile lile: mafundi hupenda kilicho ndani, mnunuzi hukutana na vitu viwili tu vya nje. Kwanza bei, kisha padi. Chipu hakuna anayeishika. Padi ndiyo inayoingia mkononi, na mkono hauna subira ya kusikiliza maelezo.

Hapo ndipo nakuja kwenye mikono. Tuseme ukweli juu ya ukoo wetu. Baba alikuwa na viganja kama sinia, ametuachia wote, wanaume kwa wanawake. Mimi mwenyewe sijawahi kupata bangili ya kunipita. Na nani aliijaribu padi ya kwanza? Wewe. Mimi. Binamu zetu wawili. Kijana wako mkubwa. Tulikaa sebuleni kwako Jumapili tatu mfululizo, tukacheza, tukasema imekaa vizuri, hongera. Mtu pekee pale asiye wa damu yetu alikuwa wifi. Alipoishika, vidole gumba vyake havikufika kwenye vijiti. Akaipakata magotini kama mtoto mchanga anayeota meno, akabonyeza kwa kidole cha shahada. Ukamwambia tatizo si padi, tatizo yeye si mchezaji. Akakujibu kwamba na wewe si fundi cherehani lakini suruali zake unazivaa. Tulicheka sana. Tulipaswa kuandika alichosema.

Basi nampa sifa zake, na naomba umsomee aya hii kwa sauti. Wifi hakubishana tena. Mashine ilipododa alikwenda dukani kwake, na kwa miezi minne kila aliyekuja kupimwa nguo alipimwa mkono pia: urefu wa kidole gumba, upana wa kiganja, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. Wateja wakauliza kama ameanza kushona glavu. Akawaambia anashona kitu cha kumshikisha mume wake adabu. Mikono mia mbili na kumi na miwili imo kwenye daftari lile. Nimeiona. Mikono inayofanana na yetu ni mitatu, na mmoja kati ya hiyo ni wa binamu yetu, alikwenda kupunguziwa suruali.

Padi mpya imetoka kwenye daftari hilo. Wifi aliponiletea moja wiki iliyopita, nilimpa jirani yangu muuguzi, mama wa makamo asiyejua gemu hata moja, na baada ya dakika tano nikawa namwomba anirudishie. Ni nyepesi, vijiti viko karibu, vitufe vya nyuma vinafuata kidole. Mnayo mashine, kaka. Kwa mara ya kwanza naamini hivyo, na ninayesema ni mimi, ambaye unajua sisifii kitu bure hata harusini.

Ndiyo maana bei yako inanichoma. Umetibu kidonda kimoja na sasa unataka kukwangua kingine. Hasara ya mashine ya kwanza unataka ilipwe na mnunuzi wa mashine ya pili, mtu ambaye hakukukosea lolote. Na usiniambie haiwezekani kushuka. Toa kile kifuniko cha kioo; kifuniko cha kioo hakichezi gemu. Toa zile taa za bluu zinazozunguka feni. Toa bati, weka plastiki. Weka padi moja kwenye boksi, ya pili auziwe anayeitaka. Wifi amepiga hesabu, nimemwuliza, na anasema ukiondoa madoido yako unafika chini ya mshahara mmoja na bado karakana inapumua, kwa sababu faida itakuja kwenye gemu. Anasema alikuambia. Anasema ulimwuliza kama anataka mashine iuzwe sokoni na nyanya. Kaka, kama nyanya zinauzika, ndiyo!

Sasa kalamu inakuwa nzito, na si mafua.

Unakumbuka Msasa, fundi wako wa kalibu za kumiminia plastiki, yule aliyekuwa akisugua kila kitu hadi ukauona uso wako humo. Ulimfukuza baada ya mashine kudoda, ukasema padi iliharibiwa na yeye, kwamba aliifanya nene kwa uzembe. Uliamini hivyo, na mimi nilikuacha uamini.

Miezi minne kabla ya uzinduzi ule, kabla kalibu hazijakatwa, Msasa alikuja ofisini kwangu gazetini. Alikuwa na padi ya mti, ameichonga mwenyewe, ndogo kuliko ya kwetu, laini kama sabuni. Alisema amejaribu kukuonyesha mara mbili ukamwambia afuate mchoro. Akasema wewe hunisikilizi mbele za watu, lakini baada ya ugomvi huwa unakaa na kuyafikiria niliyosema, kwa hiyo niseme mimi. Niliishika ikanipotea kiganjani. Nikampa dada wa mapokezi, akaishika kana kwamba amezaliwa nayo. Nikajua papo hapo. Kaka, nilijua. Nikamwahidi Msasa kwamba nitakuambia.

Wiki hiyo hiyo ndiyo uliyonicheka juu ya bei mbele ya karakana nzima, ukaniita mpiga debe asiye na gari. Nikarudi ofisini nimeungua. Nikaitia ile padi ya mti kwenye saraka ya meza yangu, nikajiambia: aanguke kwanza, ndipo atajua ni nani aliyekuwa akisema kweli. Sikukuambia wiki hiyo wala iliyofuata. Ulipoanguka niliandika ile makala, "Bei na Padi", ambayo watu wanaisifu hadi leo kwamba niliona mbali. Bei niliiona mimi. Padi aliiona Msasa, na sentensi tatu za makala ile ni zake, alizisema amesimama mbele ya meza yangu. Kisha ukamfukuza kwa kosa alilojaribu kulizuia, na bado nikafunga mdomo, mimi ninayejitapa kwamba hakuna wa kunifunga mdomo.

Wifi alipoondoka baada ya kuniachia padi mpya, niliifungua saraka nikaziweka mbili mezani. Zinatofautiana unene wa ukucha. Mikono mia mbili na kumi na miwili, miezi minne, cherehani mbili, na jibu lilikuwa kwenye saraka yangu kwa miaka mitatu.

Sikukuandikia siku hiyo. Nilikwenda kwanza kwa Msasa, juzi, kwa sababu deni hili ni lake kabla halijawa lako. Anaunganisha mabeseni na viti vya plastiki vilivyopasuka, kibanda chake kiko nyuma ya stoo ya saruji. Nikamweleza yote, nimesimama. Hakuacha kazi. Aliyeyusha, akaziba, akasugua, nami naendelea kuongea. Nilipomaliza akaniambia kwamba gazetini huwa naandika kwa kifupi zaidi. Halafu akafuta mikono, akaomba aione padi mpya. Aliigeuza, akafumba macho, akapitisha gumba ukingoni, akasema imekaribia, ila upande wa kushoto chini kuna ukingo ambao baada ya saa moja utamchubua mtu. Nimeicheza saa moja jana. Ana haki, nimebandika plasta.

Nikamwuliza kama atakuja Jumamosi. Akasema alitolewa na mwenye karakana, kwa hiyo ataitwa na mwenye karakana, si na dada yake, na si kwa barua. Hakusema kwa chuki. Alipokuwa ananisindikiza alisema ukingo ule unasahihishwa kwa siku mbili kama kalibu ni ya chuma kile kile cha zamani, akaniuliza kama ni kile kile. Mtu aliyekata tamaa haulizi habari za chuma.

Basi nikasirikie. Una haki, na sitajitetea hata kwa mstari mmoja, jambo ambalo litakushangaza. Usije tu ukaigeuza hasira yako kuwa bei. Mimi kukosea hakuufanyi mshahara mmoja na nusu kuwa mmoja, na ukinikomoa kwa kutia saini ile bei, watakaokomolewa ni wale kumi na mmoja. Makala ya kusahihisha ile ya zamani nimeshaiandika, jina la Msasa limo tangu mstari wa kwanza, na mhariri ameipokea huku akikunja uso. Itatoka Ijumaa. Sikuombi ruhusa.

Mbusu mama kwa niaba yangu, mtie dawa mwenyewe ukimwona anaanza hoja zake za kuikwepa. Wasalimu wote kumi na mmoja, kila mtu kwa kazi yake. Wifi, najua unasoma begani kwake: nakutaka usitie saini Jumamosi bei yoyote inayozidi mshahara mmoja wa mwalimu, hata akinuna, hata akikataa chakula. Kalamu ya pili ni yako, na bila yako karatasi ile ni ya kufungia vitumbua tu.

Na wewe, kaka. Kibanda kiko nyuma ya stoo ya saruji, mlango wa bati, utasikia sauti ya msasa kabla hujauona. Nenda leo, kwa miguu yako, goti lako litavumilia. Mwombe msamaha kwa sehemu yako. Yangu nimekwisha kuomba. Mwombe arudi. Ukishafanya hivyo ndipo uniandikie, kwa matusi ukipenda, nitayasoma yote.

Mdogo wako wa kike,
Pilipili